Nzi wa Manyoya Katika Mito Yetu

Wengi wetu wa Masisi na Walikale hatujapata kumwona trauti kwa macho. Ni samaki wa maji ya baridi, mwenye madoadoa mgongoni na ubavuni, akaaye katika vijito vya milima ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wazungu humsifu kuliko samaki wote wa mtoni. Matajiri wao husafiri mbali na kulipa fedha nyingi ili kumvua, kisha mara nyingi humrudisha majini akiwa hai. Jambo hili tulipolisimulia kigangoni watu walicheka mpaka machozi. Basi, leo hatuna nia ya kumsifu trauti. Twataka kuzungumza habari ya chambo chake, maana tumekijaribu katika maji yetu ya Osso, nacho kimeanza kutupatia kitoweo.

Chambo hicho ni nzi, lakini si nzi mwenye uhai. Ni ndoana ndogo iliyovikwa uzi, sufu na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Nzi hao wa bandia wako wa namna nyingi sana, lakini twaweza kuwagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza hufungwa kwa unyoya mgumu wa shingo ya jogoo. Nzi wa kundi hili husimama juu ya maji kwa ncha za unyoya ule, wala hazami, kama yule mdudu wa miguu mirefu atembeaye juu ya dimbwi. Kundi la pili ni nzi laini. Mwili wake ni wa sufu au wa manyoya ya sungura, na shingoni amezungushiwa unyoya mwororo wa kuku jike au wa kwale. Huyu hunywa maji, huzama kidogo, na mkondo ukimpitia, nywele za unyoya wake hufunguka na kufumba kama miguu ya mdudu atapatapaye. Sisi twasema habari za huyu wa pili.

Kwa nini laini? Samaki hana mikono. Sisi tukitaka kujua kama parachichi limeiva twalibonyeza kwa kidole. Samaki hubonyeza kwa mdomo. Kitu kikipita mbele yake hukitia kinywani, na akikiona kigumu hukitema mara moja, kabla mvuvi hajapepesa jicho. Kikiwa laini hukishika kitambo kidogo zaidi, na katika kitambo kile ndipo mvuvi huinua ufito wake. Ndiyo maana wavuvi wa siku hizi hawakuridhika na sufu tu, bali wamebuni hata nzi wa sponji na wa mpira mwororo. Hatuwalaumu. Lakini sponji ile huuzwa mbali, na kuku wako hapa uani.

Tena kuna jambo la mwendo. Nenda katika kijito chochote cha Masisi, ugeuze jiwe moja lililo ndani ya maji. Utaona vibuu vimeshikamana na jiwe. Wengine wamejijengea nyumba ya changarawe, wameiunga kwa uzi utokao kinywani mwao wenyewe. Wengine ni wembamba, wenye mikia mitatu, hukimbia upande wa kivuli. Siku yao ikifika hupanda mpaka juu ya maji, huvua ngozi yao ya zamani, na kuruka wakiwa na mabawa. Katika kupanda huko hawana pa kujificha, na samaki hushiba. Nzi mgumu hufanana na mdudu aliyekwisha kufika juu. Nzi laini hufanana na yule aliye bado njiani, naye ndiye aliwaye zaidi.

Ufundi huu ni wa kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwandishi mmoja Mrumi, Claudius Aelianus, aliyeandika kwa Kigiriki karibu na mwaka 200 baada ya Kristu, alieleza habari ya mto mmoja wa Makedonia upitao kati ya Berea na Thesalonike. Msomaji wa Matendo ya Mitume aijua miji hiyo: Mt. Paulo alihubiri Thesalonike, ndugu wakamtorosha usiku mpaka Berea. Katika mto ule, asema Aelianus, walikuwako samaki wenye madoadoa waliopenda kumla nzi mmoja wa mahali pale. Wavuvi hawakuweza kumtumia nzi mwenyewe, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu rangi yake hupotea na mabawa yake hunyauka. Basi waliizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili yaotayo chini ya mashavu ya jogoo, yenye rangi kama ya nta. Ufito wao ulikuwa wa futi sita, na uzi ulikuwa wa futi sita. Tazama, msomaji: sufu, manyoya, ufito, uzi. Hakuna kitu katika hivyo kisichopatikana kwa mfugaji wa Masisi.

Baadaye, mwaka 1496, kilichapwa Uingereza kitabu kidogo cha uvuvi wa ndoana chenye kutaja nzi 12. Yasemekana mwandishi wake alikuwa mtawa, Juliana Berners, mkuu wa masista wa Sopwell, ijapokuwa wataalamu wengi hawasadiki. Na mwaka 1857 Mskoti mmoja, W. C. Stewart, alieneza sifa za nzi laini ambao hawakuwa na kitu zaidi ya uzi wa hariri na unyoya mmoja. Mengine tunayapita.

Sisi tuliyajua mambo haya seminarini. Hatukufika upadri, tulirudi nyumbani, tukapewa kazi ya ukatekista, na mpaka leo ndiyo kazi yetu. Lakini huko alikuwako Padri mmoja mzee aliyetufundisha Kilatini, mwenyeji wa milima ya Ardennes kule Ubelgiji, aliyevua trauti tangu utoto wake. Alikuwa na kisanduku cha bati kilichojaa nzi. Somo likiwa gumu na vichwa vimechoka, alikifungua kisanduku, akampitishia kila mmoja nzi mmoja juu ya kiganja, akasema jina lake na mwezi wake. Wengine walimwona mzee anaota ndoto za kwao. Sisi tulipenda sana kuvitazama vile vidudu, maana kila kimoja kilifungwa kwa uangalifu kama mtu anayeandika barua kwa mkubwa wake. Aliporudi Ulaya kwa sababu ya uzee alituachia kile kisanduku. Miaka mingi kilikaa juu ya kabati pamoja na vitabu vya nyimbo.

Sasa, watu wengi wakisikia habari hizi huuliza swali moja: kama samaki yule ni mzuri hivi, na milima ya Masisi ina baridi, mbona asiletwe? Swali hili lina haki yake, maana wako waliokwisha kufanya hivyo karibu nasi. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven kule Uskoti, samaki wakapandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, nchi ya Kenya. Baadaye walienezwa katika vijito vya Mlima Kenya na Mlima Elgon, na trauti wako pia katika mito ya Kilimanjaro kule Tanzania. Huko Zimbabwe liko jimbo la milima lijulikanalo sana kwa trauti, na jina lake ni Nyanga. Wanyanga wetu wa Walikale wakisikia hufurahi, lakini ni jina tu lililofanana.

Jibu letu ni kwamba asiletwe. Trauti hutaka maji yasiyozidi joto la digrii 20 hivi. Yakifika 25 na kukaa hapo, hufa. Kwa hiyo katika Walikale, ambako nchi imeshuka chini ya mita 1000 na msitu una joto, hawezi kuishi. Angebaki juu, Masisi, na huko angekula nini? Angewala samaki wadogo wa milimani na wadudu wao, wale walioumbwa kwa ajili ya vijito vile. Tena Masisi ni kama paa la nyumba. Maji ya Osso na ya Lowa hushuka magharibi mpaka Lualaba, na maji ya Mweso huelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na njia ya Nile. Mgeni akitiwa juu ya paa, nani atajua atateremkia wapi?

Wengine hutukumbusha sambaza. Ni kweli, sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Alitolewa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, naye amewalisha watu wa Goma na Bukavu kwa miaka mingi. Lakini fikiri kidogo. Katikati ya Ziwa Kivu palikuwa kama nyumba tupu: vijidudu vya majini vilikuwako, samaki wa kuvila hakuwako. Vijito vyetu si nyumba tupu. Mfano wetu hasa ni sangara, aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alileta viwanda na fedha, naam, lakini aina nyingi sana za furu, ambao walikuwa kitoweo cha maskini, zilipotea na hazijaonekana tena. Kwa hiyo sisi twasema: chambo cha trauti na kije, trauti mwenyewe abaki kwao.

Kuna habari nyingine ya Kenya iliyotustaajabisha. Kwa miaka mingi sasa, Nairobi na kandokando yake wako watu, wengi wao wanawake, ambao kazi yao ya kila siku ni kufunga nzi wa bandia. Hukaa mezani, mbele ya jiliwa ndogo lishikalo ndoana, na uzi mkononi. Nzi huhesabiwa kwa dazeni, hutiwa katika mifuko, husafirishwa Ulaya na Marekani. Yamkini nzi aliye kofiani mwa tajiri mmoja wa Montana amefungwa na mama asemaye Kiswahili, ambaye hajapata kumla trauti wala kumwona. Tulipoijua habari hiyo tulijiambia: ikiwa mikono ya ndugu zetu yaweza kuwafungia nzi watu wa mbali, mikono yetu yashindwaje kufunga nzi kwa ajili ya sufuria yetu wenyewe?

Maana sufuria zetu zina jambo la ajabu. Nenda soko lolote kati ya Masisi na Walikale, utaona makayabo, samaki wa chumvi aliyevuliwa baharini mbali sana, akapita meli, lori na pikipiki kabla ya kufika. Mtu akaaye hatua mia mbili kutoka mtoni hununua makayabo. Ukimwuliza sababu, atakuambia kwamba mtoni hamna kitu. Naye hasemi uongo.

Hapa ndipo tulipo na uchungu, msomaji, na hatutauficha. Zamani wazee walitumia utupa. Majani yake hupondwa na kutiwa katika maji ya kidimbwi, samaki hushindwa kupumua, huelea juu. Lakini wazee wa Kinyanga walitueleza kwamba utupa ulikuwa na siku zake na mahali pake, wakati wa kiangazi, kwa shauri la watu wote, katika kidimbwi kimoja tu. Tena hawakuyahesabu maji kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Katika masimulizi ya Mwindo, ambayo Biebuyck na Mateene waliyachapisha mwaka 1969, yuko Mukiti, nyoka mkubwa wa majini, mkuu wa vilindi, na mtu hakuingia kwake kama aingiavyo shambani mwake. Leo utupa umeachwa. Vijana hununua chupa ya dawa ya kuua wadudu wa mashamba, huimwaga mahali kijito kinapoingia bondeni, na kwa saa moja hujaza gunia. Wakubwa hufa, wadogo hufa, vibuu vilivyo chini ya mawe hufa, na mwaka ujao hakuna wa kupanda juu ya maji, wala wa kumla. Katika kijito kimoja karibu na kigango chetu jambo hili lilifanyika mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya pili mbuzi walikunywa maji ya chini, wakafa. Watoto wa nyumba mbili waliugua tumbo siku nyingi. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alitafuta karo ya shule ya mdogo wake.

Tulisema nao. Tulisema kanisani, tulisema barazani, na mzee wa kijiji alisema kwa ukali. Wakajibu jambo moja tu: “Mwalimu, basi tuvue kwa nini?” Nyavu ni ghali. Vyandarua vya mbu, ambavyo wengine huvitumia, huzoa hata watoto wa samaki wenye urefu wa ukucha. Ndoana na nyungunyungu hufaa mahali maji yametulia, lakini katika mkondo wa kasi nyungunyungu hukatika na samaki wa mkondoni hamtaki sana. Ndipo tulipokiteremsha kile kisanduku kutoka juu ya kabati.

Nzi wa Padri walikuwa wameliwa na nondo, zimebaki ndoana zenye kutu. Lakini walitosha kuwa mfano. Kwanza tulitafuta ndoana ndogo sokoni Goma. Mnunuzi ajue kwamba namba ikizidi kuwa kubwa ndoana huwa ndogo zaidi. Namba 12 na 14 zatufaa. Jiliwa hatuna, basi twaishika ndoana kwa koleo ya fundi wa pikipiki, na mpini wa koleo twaufunga kwa ukanda wa mpira ili usiachie. Uzi ni ule wa kushonea, uliopakwa nta ya nyuki. Huanzia karibu na jicho la ndoana, twauzungusha kwa kubana mpaka nyuma, panapoanza kupinda. Kisha twachukua sufu kidogo ya kondoo, kidogo sana, kiasi cha kuweza kuona mwanga kwa kupitia ndani yake, twaisokota juu ya uzi kwa vidole viwili, na kuurudisha uzi mbele. Hapo mwili umekwisha. Wanaoanza wote hutia sufu nyingi, wakapata kitu kama kiwavi aliyeshiba. Nzi wa namna hiyo huelea kama kizibo na samaki humpita. Mwisho ni unyoya mmoja wa kuku jike, kutoka shingoni au mgongoni, ule ambao ukiupulizia hutikisika wote. Twaufunga kwa ncha yake, twauzungusha mara mbili, si mara tatu, twafunga fundo, twakata. Mtoto wa miaka kumi akijifunza wiki moja aweza kufunga mmoja katika robo saa.

Juu ya kutupa, tusidanganyane. Wazungu hutumia uzi mzito wa kupaka na gurudumu la kukunjia, maana nzi hana uzito wa kujirusha mwenyewe. Vitu hivyo ni vya bei kubwa. Lakini Wajapani wa milimani wana mtindo wa kale uitwao tenkara, nao hauna gurudumu: ni ufito mrefu, uzi uliofungwa nchani, na nzi laini. Ndiyo mtindo wa wale wavuvi wa Makedonia, na ndio wetu. Twakata mwanzi mwembamba wa mita tatu na nusu, twaukausha juu ya moto wa jikoni kwa wiki mbili, twafunga uzi wa nailoni wenye urefu ule ule. Mvuvi husimama nyuma ya jiwe, hutupa nzi juu ya mkondo, huacha maji yamchukue chini, na nzi akifika mwisho wa uzi huinuka kidogo kidogo kuelekea juu. Wakati huo wa kuinuka ndipo samaki hupiga. Mkono huhisi mara moja. Hakuna haja ya kutazama.

Wanaokamatwa katika Osso ni hasa wale wenye magamba makubwa na sharubu nne fupi, wa jamii ambayo wataalamu huiita Labeobarbus. Hao ndio trauti wetu: wana nguvu, hupenda maji yaendayo kasi, na hula kila kitu kipitacho. Siku nzuri mtu hupata sita au saba. Siku mbaya harudi na hata mmoja. Mvua ikinyesha milimani na maji yakawa ya tope, ni afadhali kwenda shambani, kwa kuwa samaki humtafuta nzi huyu kwa macho. Kwa sababu hiyo pia, katika vijito vya Walikale vipitavyo chini ya machimbo ya madini, nzi hafai kabisa. Maji ya huko ni kama chai ya maziwa mwaka mzima.

Aliyetufundisha zaidi si Padri wala kitabu. Ni kijana mmoja wa upande wa Nyabiondo, mmoja wa wale waliotuuliza wavue kwa nini. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika mji wa Masisi, na mwezi wa Machi vikafika Walikale. Watu walikimbia kwa makundi, kila mmoja na alichoweza kukibeba kichwani. Kijana huyu aliingia msituni pamoja na mama yake na wadogo zake wanne, wakakaa huko siku nyingi kuliko walivyotazamia. Unga uliisha. Wavu hakuwa nao, sufuria walikuwa na moja, na moto waliuwasha usiku tu kwa kuogopa moshi. Lakini katika ukosi wa shati lake alikuwa amechomeka ndoana nne zenye nzi, na uzi ulikuwa mfukoni umezungushwa kwenye kijiti. Ufito aliukata huko huko.

Alituambia kwamba maji ya msituni ni meusi kama kahawa, na nzi wa rangi ya hudhurungi, tuliowasifu sana sisi, hawakuonekana ndani yake. Alipata samaki mmoja kwa siku mbili. Basi aling'oa sufu yote, akafunga mwilini nywele nyeusi za mdogo wake wa kike, na shingoni unyoya wa ndege aliyeuokota chini ya mti. Tangu hapo walikula kila jioni, wawili, watatu, mara moja tisa. Chumvi hawakuwa nayo. Nzi wawili walikatika kwenye mizizi, wa tatu alikwenda na samaki, na wa nne alirudi naye. Tumemwona nzi huyo. Ameisha manyoya karibu yote, amebaki na nywele na uzi, na kijana hataki kumtoa ukosini.

Injili yataja nyavu mara nyingi, lakini uvuvi wa ndoana twausoma mahali pamoja tu, katika Mateo 17, aya ya 27, pale Petro alipoambiwa aende baharini atupe ndoana na kumtwaa samaki wa kwanza. Mama wa kijana huyu alitukumbusha aya hiyo, akaongeza kwamba yeye asingetafuta fedha mdomoni, angetafuta chumvi.

Hata hivyo si wote wanaotusifu. Katika Walikale wanawake huvua kwa namna yao: huziba kijito kwa udongo na majani, huteka maji yote kwa mabeseni, kisha huokota samaki, kaa na kamba katika tope. Mama mmoja Mnyanga, mwenye wajukuu wengi, alitutazama asubuhi nzima tukitupa nzi, akasema, “Mwalimu, samaki wako wanahesabika kwa vidole. Hebu tazama beseni langu.” Lilikuwa limejaa nusu. Tulimwuliza kama mahali pale atapaziba tena mwezi ujao, akashangaa: hapazibwi tena mpaka mwaka upite, bibi yake alimkataza. Basi hatukuwa na la kumfundisha mama huyu. Nzi si kwa ajili ya kuchukua mahali pa beseni lake, bali mahali pa ile chupa. Kwa kazi ya mkondo mkubwa, ambao hauzibiki, alikubali kwamba beseni haliwezi.

Vijana tisa sasa hukutana nasi Jumamosi baada ya mafundisho, siku ambazo njia ya mtoni ina amani. Siku nyingine twabaki kufunga nzi tu. Wawili kati yao walikuwa watu wa chupa. Katika kile kijito cha mbuzi tuligeuza mawe mwezi uliopita, tukaona vibuu vya nyumba ya changarawe vimerudi, vichache, vidogo. Samaki bado.

Mvua za Septemba zikianza, kumbikumbi wataruka jioni na kuanguka juu ya maji kwa maelfu, na samaki hapo hawataki kitu kingine. Nzi wa kuzama hatafaa jioni hizo. Tumekwisha kufunga kumi wenye mwili mnene wa sufu ya kahawia, uliopakwa mafuta ya mawese ili uelee, na mabawa mawili ya unyoya wa bata mweupe, yaliyolazwa nyuma. Yule mama wa beseni ameagiza wawili, akasema tusiwafunge wembamba.